Bilan ya wazee katika kliniki moja ya Lubumbashi: kinachofanywa vizuri na kinachoachwa nusu

Kliniki ninayoitathmini iko katika komine (wilaya ya mji) ya Kampemba, mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni kliniki ya nje, yaani haina vitanda vya kulaza wagonjwa, na kati ya huduma zake kuna uchunguzi wa jumla wa afya ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao wenyeji wamezoea kuuita bilan ya wazee. Mzee anafika asubuhi, anapita kwa wauguzi na kwa daktari, na mchana anarudi nyumbani akiwa na fishi yake, yaani karatasi ya matokeo, mkononi. Sitaitaja kliniki hiyo kwa jina, kwa sababu mengi ninayoyasifu na karibu yote ninayoyalaumu yanapatikana pia katika kliniki nyingine za mji wetu, na nia yangu ni kumsaidia msomaji ajue cha kudai popote atakapompeleka mzazi wake. Nilikuwa muuguzi wa wodi za watu wazima hadi nilipostaafu. Nilimpeleka huko yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anayeishi katika komine ya Katuba, na tangu hapo nimewasindikiza pia baadhi ya majirani zake.

Maoni yangu nayatoa mapema: uchunguzi wenyewe ni mzuri, unafanywa na watu wanaoijua kazi yao, na unastahili fedha zinazoombwa. Lakini kumchunguza mzee hakuna faida mpaka kubadilishe jambo fulani nyumbani kwake, na hapo ndipo kliniki hii inapowaachia mzee na ndugu zake mzigo ambao ilipaswa kuubeba pamoja nao.

Katika ziara ya kawaida mzee hutaja ugonjwa mmoja, daktari huandika dawa ya ugonjwa huo, na wote wawili huachana wakiamini kazi imekwisha. Anayelalamikia goti hutibiwa goti. Hakuna anayemuuliza kama bado anaweza kujiogesha, kama anasikia anapoitwa, kama usiku anaamka mara nyingi kwenda chooni, au ni nani anayempikia. Uchunguzi wa jumla huuliza kwanza mtu anaweza kufanya nini, kisha ndipo hutafuta ugonjwa unaomzuia. Wazo hili si geni. Kuanzia mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex nchini Uingereza, daktari Marjory Warren alikabidhiwa wodi zilizojaa wazee waliokuwa wamelala kwa muda mrefu bila mtu kuwapima upya; aliwapima mmoja mmoja, akawapanga kulingana na mahitaji yao, akawainua wengi wakatembea, na baadhi yao wakarudi kwa jamaa zao. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao ICOPE, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017 na kitabu chake cha kufanyia kazi mwaka 2019, na unaomwezesha hata muuguzi wa kituo kidogo kupima uwezo wa aina sita: akili na kumbukumbu, mwendo, lishe, kuona, kusikia, na hali ya nafsi. Kliniki yetu inafuata mpango huo, ikiongeza vipimo vya presha, sukari, mkojo na damu pamoja na ukaguzi wa dawa.

Mapokezi yanahitaji kurekebishwa. Wazee wanaambiwa wafike mapema, na wanasubiri nje kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, jambo linalovumilika mwezi wa Novemba lakini si mwezi wa Juni wala Julai, ambapo asubuhi ya Lubumbashi ina baridi kali na mtu wa miaka 75 huingia ndani akiwa anatetemeka, vidole vimekufa ganzi, na presha yake haisomeki kama inavyopaswa kusomeka. Mlangoni kuna ngazi zisizo na kishikio. Kliniki inayopima hatari ya kuanguka ingepaswa kuanza na mlango wake.

Ndani mambo yanabadilika. Yaya ana kadi inayosema alizaliwa "karibu na 1950", kama zilivyo kadi nyingi za rika lake, na muuguzi hakuuchukua mwaka huo kama neno la mwisho. Alimuuliza alikuwa na ukubwa gani siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, na kama alikuwa ameanza masomo wakati Katanga ilipokuwa imejitenga, kipindi kilichoisha Januari 1963. Yaya alieleza kwamba siku ya Uhuru alikuwa tayari ana mdogo wake mgongoni akimlea, na kutokana na hapo walikubaliana kwamba umri wake halisi umezidi ule wa kwenye kadi. Umri si jambo la mapambo katika kazi hii, kwa kuwa kipimo cha figo, kwa mfano, hukokotolewa kwa kuzingatia umri, na kipimo cha dawa hufuata hali ya figo.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mashine zote. Muuguzi wa kwanza alikuwa akinigeukia mimi kwa kila swali: anakula vizuri? analala? anasahau? Mwenzake, kijana zaidi, alisogeza kiti akakaa mbele ya yaya, uso kwa uso, akasema, "Mama, samahani, tuanze na wewe mwenyewe. Ni kitu gani unapenda uendelee kukifanya bila kusaidiwa na mtu?" Yaya alijibu bila kusita kwamba anataka kwenda misa ya Jumapili kwa miguu yake, na kwenda sokoni kuchagua ndagala (dagaa) mwenyewe, kwa sababu wajukuu humletea zile zilizovunjika. Kijana yule aliyaandika majibu hayo juu kabisa ya fishi, kabla ya presha. Ndivyo inavyotakiwa. Matibabu ya mzee yasiyojua mzee anataka nini huishia kwenye kumwongezea vidonge, na ndugu aliyemsindikiza ana nafasi yake ya kuongea, lakini nafasi hiyo ni ya pili.

Kipimo cha mwendo ni rahisi na hakihitaji umeme, neema kubwa katika mji wetu. Mzee hukaa kwenye kiti, hukunja mikono kifuani, husimama na kukaa mara tano bila kujisaidia kwa mikono. Kwa mujibu wa ICOPE, akishindwa kumaliza ndani ya sekunde 14 anahitaji kuangaliwa kwa undani zaidi. Kipimo kingine humtaka ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi na kukaa. Muuguzi mzuri hatazami saa peke yake. Anatazama kama hatua ni fupi, kama mtu anashika ukuta, kama anageuka kwa hatua nyingi ndogo ndogo, na kama viatu ni ndara zilizolegea. Lawama yangu hapa ni moja, nayo si ndogo: kiti kilichotumika kilikuwa cha plastiki, laini, chenye miguu inayoteleza juu ya sementi. Kiti cha kipimo hiki kinapaswa kuwa kigumu, cha kimo cha kawaida, kikiegemezwa ukutani. Nililisema, wakaleta kiti cha mbao kutoka ofisini, na yaya akapata sekunde chache pungufu kuliko mara ya kwanza. Tofauti ya namna hiyo inatosha kumhamisha mtu kutoka kundi moja kwenda jingine kwenye fishi.

Walifanya pia jambo ambalo ziara ya kawaida hulisahau karibu kila mara: walimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mzee huyo ana hatari ya kizunguzungu na kuanguka kila anapoinuka kitandani usiku. Ya yaya ilishuka kupita kiwango hicho. Sababu ilikuwa kwenye mfuko wake wa dawa.

Ukaguzi wa dawa ndio sehemu bora ya huduma hii, na kama kliniki ingebakiwa na saa moja tu kwa kila mzee, ningependa saa hiyo itumike hapo. Wakati wa kuandikishwa, familia huambiwa ilete kila kitu ambacho mzee anameza, anapaka au anakunywa: vidonge vya hospitali, vya duka la dawa la mtaani, vya jirani, na dawa za miti. Daktari aliumwaga mfuko wote mezani, akapanga masanduku kwa safu, akamuuliza yaya amweleze lipi analimeza lini na kwa nini. Ndipo ilipoonekana kwamba alikuwa anameza amlodipini, dawa ya kushusha presha, mara mbili, kutoka kwenye masanduku mawili ya rangi tofauti na majina tofauti ya kibiashara, moja la daktari wa zamani na jingine la daktari mpya, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni dawa ileile. Kwa ajili ya magoti alikuwa ananunua diklofenaki, ambayo hupandisha presha, huumiza tumbo na kuchosha figo, hasa za mtu mwenye umri wake. Usiku alimeza diazepamu, iliyoanza kama dawa ya usingizi ya siku chache wakati wa msiba wa mume wake na haikuwahi kusimamishwa. Dawa hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu, humfanya mzee ayumbe, na huifunika akili yake kama ukungu wa asubuhi.

Daktari hakufuta vyote kwa mkupuo. Aliondoa amlodipini moja, akabadilisha diklofenaki kwa parasetamoli na mazoezi ya mapaja, na kuhusu diazepamu alieleza wazi kwamba haiachwi ghafla, bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Alinifurahisha kwa kuwa hakumgombeza yaya kwa kununua dawa mtaani. Watu wengi hununua huko kwa sababu ndiko wanakofika kwa miguu, na mzee aliyegombezwa mara moja huficha mfuko wake mara ya pili.

Sasa nifike kwenye kumbukumbu, ambapo sifa na lawama zinagusana. Nyumbani, watoto wa yaya walikuwa wameanza kusema kwamba mama anasahau: anaitwa haitikii, anatumwa ujumbe anafikisha mwingine, anarudia swali lililokwisha kujibiwa. Muuguzi alimtajia maneno matatu, akamtaka ayakumbuke baada ya muda, akamuuliza na tarehe ya siku hiyo na mahali alipo. Mahali alipajua. Tarehe hakuijua, na katika maneno matatu alirudisha moja. Fishi ikaandikwa kwamba kumbukumbu ina mashaka. Baada ya hapo, wakiwa wamefika kwenye usikivu, muuguzi alisimama nyuma yake kwa umbali wa urefu wa mkono na kumnong'oneza maneno, sikio moja baada ya jingine. Sikio la kulia halikushika chochote. La kushoto lilishika kidogo. Walipoangalia ndani kwa taa, njia zote mbili za masikio zilikuwa zimezibwa na nta ngumu.

Mtu asiyesikia maneno matatu hawezi kuyakumbuka. Kwa hiyo mpangilio wa vipimo katika kliniki hii una kasoro ambayo ni rahisi kuiondoa: kusikia na kuona vitangulie, akili ifuate. Kwa haki lazima niseme kwamba daktari mwenyewe aliligundua jambo hilo aliposoma fishi, akalikata kwa mstari lile neno la mashaka, akaagiza matone ya kulainisha nta kwa siku kadhaa, kisha masikio yasafishwe kwa maji yenye joto la mwili, baada ya kuhakikisha kwamba ngoma ya sikio haijatoboka. Kumbukumbu ilipopimwa tena baada ya masikio kusafishwa, yaya alirudisha maneno yote matatu. Tarehe bado hakuijua, na daktari hakuipa uzito, kwa kuwa yaya hakusoma zaidi ya miaka ya mwanzo ya shule na nyumbani kwake hakuna kalenda. Alimuuliza badala yake misa ijayo ni ya siku gani, na kama mvua zimekwisha au bado, naye alijibu sawasawa.

Napenda kukaa kidogo hapa, kwa sababu kosa la kumpachika mzee jina la kurukwa na akili lina gharama kubwa katika mitaa yetu. Mzee anayesahau, anayezungumza peke yake usiku, anayepotea njia, mara nyingine huambiwa kuwa ni mlozi, yaani mchawi, na kuna waliofukuzwa katika nyumba walizozijenga wenyewe. Kipimo kibaya kinaweza kuipa shutuma hiyo karatasi yenye muhuri. Vipimo vingi vya akili vinavyojulikana duniani vilitungwa kwa watu waliosoma: kile maarufu cha mwaka 1975, kilichotungwa Marekani, humtaka mtu atoe saba kutoka mia mara kadhaa, aandike sentensi na kunakili maumbo ya pembe tano yanayoingiliana. Mama ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa hata kama anaendesha biashara ya unga bila kukosea hesabu. Nchini Tanzania, katika wilaya ya Hai, watafiti walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA ambacho hakimtaki mtu asome wala aandike, na ambacho kati ya kazi zake kuna kupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Kimepimwa kwa wazee wanaozungumza Kiswahili. Sioni sababu ya kliniki za Lubumbashi kuendelea kusoma fishi ya Kifaransa na kuitafsiri papo hapo, kila muuguzi kwa namna yake, wakati kazi ya jirani zetu ipo. Na hata kipimo kizuri kikionyesha upungufu, bado ni lazima kwanza zitafutwe sababu zinazotibika: sukari inayoshuka, upungufu wa damu, tezi ya shingo, maambukizi, huzuni nzito, na dawa kama ile diazepamu.

Macho yalipimwa kwa ubao wa herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, na mzee huonyesha kwa mkono upande inakoelekea, njia inayowafaa wasiosoma. Yaya ana mtoto wa jicho unaoanza upande mmoja. Aliandikiwa kwenda kwa wataalamu wa macho, na hapo ndipo ilipoishia.

Kuhusu chakula, swali la msingi ni kama mtu amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia, na kama hamu ya kula imepotea. Wazee wengi hawajui uzito wao wa zamani, hivyo muuguzi aliuliza kama nguo zimelegea, akazungushia utepe sehemu nene ya mguu chini ya goti, ambapo chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba nyama ya mwili inapungua. Alikagua pia meno, jambo lisilofanywa mara nyingi. Yaya alikuwa anakula bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) siku hadi siku, samaki akiwaachia wajukuu, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa na pia kwa kuwa meno yaliyobaki hayatafuni. Ushauri aliopewa ulikuwa wa chakula cha sokoni kwetu: ndagala zilizosagwa ndani ya mboga, maharage yaliyoiva sana, karanga za kuponda, yai inapowezekana. Hakuna aliyemtajia maziwa ya unga ya bei kubwa, na hilo nalisifu.

Sehemu ya huzuni ilifanywa vibaya. Maswali yenyewe ni mawili, kama katika wiki mbili zilizopita mtu amesumbuliwa na huzuni au kukata tamaa, na kama amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, lakini yaliulizwa kwa haraka, mlango ukiwa wazi, wagonjwa wengine wakipita. Mjane hawezi kuyajibu hayo mbele ya watu. Vivyo hivyo swali la mkojo usiozuilika, ambalo wanawake wengi wa umri wetu hulibeba kimya kwa miaka wakidhani ni sehemu ya uzee, ilhali mazoezi ya misuli ya nyonga na kupanga saa za kwenda chooni huwasaidia wengi wao. Pazia moja lingetosha. Kwa upande mwingine, walimuuliza mjukuu wa yaya, msichana anayelala naye chumba kimoja, kama yeye mwenyewe analala na kama ana mtu wa kumpokea zamu, na nilimwona akishangaa kuulizwa. Anayemtunza mzee akichoka, mzee huumia pia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamkumbuka.

Kwa wanaume waliofanya kazi migodini na kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, ningependa kliniki iongeze maswali ambayo fishi ya dunia nzima haiwezi kuyajua. Mzee mmoja jirani ya yaya alikuwa fundi wa mitambo kwa miaka mingi, na alikuwa kati ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, kwa mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004. Usikivu wake umeharibiwa na kelele, wala si nta, na kifua chake kimekula vumbi, hivyo kikohozi chake kinastahili picha ya mapafu na kipimo cha kifua kikuu kabla ya kupewa dawa ya mafua. Kliniki haikumuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Swali hilo moja, katika mji huu, lina thamani ya vipimo vingi vya maabara.

Nirudi sasa kwenye kile nilichokiita mzigo. Mwisho wa asubuhi, yaya alipewa fishi ya kurasa kadhaa kwa Kifaransa, ikiwa na mapendekezo mengi yaliyoandikwa kwa mwandiko wa haraka, akaambiwa arudi "ikiwa kuna tatizo". Hakuna tarehe, hakuna namba ya kupiga, hakuna jina la mtu wa kufuatilia. Mwaka 1993 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 28 ya uchunguzi wa namna hii, na matokeo yake yanajulikana kwa kila anayefanya kazi na wazee: programu zilizosaidia zaidi ni zile ambazo wachunguzi walikuwa na uwezo wa kuhakikisha mapendekezo yanatekelezwa, na ambazo ziliendelea kumfuatilia mzee kwa muda. Kuhusu wagonjwa wa nje ushahidi ni dhaifu kuliko kwa waliolazwa hospitalini, na moja ya sababu ni hii hii, kwamba mgonjwa wa nje anatoka na karatasi na karatasi inaingia sandukuni. Kliniki ya Kampemba inafanya vizuri sehemu iliyo ngumu, ile ya kugundua, kisha inaacha iliyo rahisi.

Katika nyumba ya yaya mambo yalifanyika kwa sababu mimi niko karibu na najua kusoma mwandiko wa madaktari. Njia ya kwenda chooni uani iliondolewa mawe na ikapata taa ndogo ya jua. Fimbo ilikatwa upya, kwa kuwa ile aliyorithi kwa mume wake ilikuwa ndefu mno. Mkono wa fimbo unapaswa kufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mtu anaposimama wima na mkono umening'inia, na fimbo hushikwa upande ulio kinyume na goti linalouma. Kila asubuhi anainuka na kukaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, na mjukuu huhesabu. Diazepamu ilipungua na hatimaye ikaisha. Anakwenda misa kwa miguu. Lakini jirani yake mmoja, mjane asiye na ndugu wa karibu, alipata mapendekezo mazuri kama hayo siku yake, na nilipomtembelea fishi ilikuwa bado imekunjwa vilevile chini ya godoro, na masanduku mawili ya dawa ileile yakiwa bado mezani.

Kwa hiyo ombi langu kwa kliniki hii, na kwa zote zinazoiga mfano wake, ni mabadiliko ya gharama ndogo sana. Wampe mzee ukurasa mmoja kwa Kiswahili wenye mambo matatu tu ya kuanza nayo, yanayolingana na lile alilosema anataka kuendelea kulifanya. Ziara ya pili, baada ya wiki chache, iwe ndani ya bei ya kwanza, na isiwe ya kulipia upya kama ilivyo sasa. Muuguzi apige simu kwa yule anayemtunza. Kama mzee hana simu wala ndugu, liwepo jina la mhudumu wa afya wa mtaa wake kwenye fishi. Ibara ya 49 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 inampa mtu mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake, na ingawa hatuwezi kuisubiri kliniki ya mtu binafsi itimize wajibu wa Serikali, simu moja si kitu cha kusubiri Serikali.

Bei ya uchunguzi wote, pamoja na damu na mkojo, inakaribia bei ya mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, na familia inaweza kulipa kwa faranga au kwa dolari. Kwa nyumba inayokula kutokana na mshahara mmoja si kidogo, na kwa mzee mwenye afya anayetembea, anayekula na asiyemeza dawa nyingi, nisingeshauri kuitoa kila mwaka. Vipimo vya kiti, uzito na presha vinaweza kufanywa kwenye kituo cha afya cha karibu. Ningeitoa bila kusita kwa mzee aliyeanguka hivi karibuni, aliyepungua mwili, anayemeza dawa za aina tano au zaidi, au ambaye nyumbani wameanza kusema kwamba anasahau. Mpelekeeni mfuko wote wa dawa bila kuacha hata dawa ya miti, miwani yake, viatu anavyovaa kila siku, na blanketi kama ni miezi ya baridi. Ombeni masikio yaangaliwe kabla ya maswali ya kumbukumbu, ombeni kiti cha mbao, na msitoke mlangoni kabla tarehe ya kurudi haijaandikwa kwenye fishi.